Aliyeipanga Kigogoni

Jumanne ya pili ya Machi, saa tatu na nusu asubuhi, vibarua wa manispaa walipita Kigogoni, mtaa wa bondeni, wakichora alama ya X nyekundu kwenye kuta. Nyumba zote zingevunjwa mwisho wa mwezi, isipokuwa kama mtaa ungeleta mchoro wenye njia ya gari la zimamoto. Wiki iliyotangulia, watu wanne walikuwa wamekufa humo kwa moto kwa sababu gari lilikosa pa kupita.

Mtaani waliishi watu watatu wenye uwezo tofauti. Rwegoshora alikuwa mpima ardhi. Tumpale alisomea mipango miji chuo kikuu, lakini kazi hakuwahi kupata. Bi Zaituni alikuwa mjumbe wa mtaa, na watu walimsikiliza hata walipomchukia.

Rwegoshora alipima kila kona, akipita na vyombo vyake katikati ya matanga. Bila vipimo vyake kusingekuwa na cha kuchora.

Tumpale alichora, akafuta, akachora tena, mpaka akapata njia iliyogusa kuta chache kabisa. Bila mchoro wake, vipimo vingebaki namba tu.

Lakini kuta hizo zilikuwa za watu, na watu walikataa. Bi Zaituni akachukua sururu, akabomoa vyumba vyake viwili vya kupangisha mchana kweupe.

"Haya, nani mwingine?"

Jioni majirani nao walikuwa wakibomoa.

Manispaa ikaukubali mchoro kwa sharti moja: uandikwe jina la aliyeipanga Kigogoni. Huyo angeajiriwa kusimamia mitaa yote ya bondeni.

"Mmoja tu," afisa wa manispaa alisema. "Mkiwa watatu, mambo yakiharibika nitamkamata nani?"

Siku moja kabla ya mwisho wa mwezi, watatu hao walikutana.

"Ni mimi," alisema Tumpale. "Kazi hii nimeisomea."

"Umesomea karatasi, mwanangu," Bi Zaituni akamjibu. "Mimi nimebomoa vyumba vyangu."

Rwegoshora akacheka bila furaha. "Na mimi, kama kawaida, ni fundi wa kushika kamba?"

Wakaachana bila kuagana.

Kesho yake asubuhi Tumpale alifika manispaa na mchoro kwapani. Uani, tingatinga lilikuwa limeshawashwa. Akaufungua mchoro mezani, akashika kalamu, kisha akaiweka chini.

"Andika basi, dada," afisa alisema. "Dereva ananisubiri."

Je, wewe ungeandika jina la nani?