Joho la Famau

Niliwahi kumpakulia mwanangu mmoja minofu na mwenziwe ukoko, Mungu anisamehe. Jumbe Mwidini naye, zamani za majoho na vilemba, alimdekeza Famau akamdharau Shali, mtoto wa mke mdogo. Famau angerithi kiti. Shali angepelekwa shamba kuwinga ndege.

Ijumaa moja Famau alikoroma hadi adhana ikapita.

"Watu watasemaje, baba?" akauliza Shali. "Nipe joho lake nikamsitiri. Kimo chetu kimoja, na uso nitaufunika kwa ncha ya kilemba."

"Leo umefaa, kinda la kunguru wee!" Jumbe akacheka.

Ikawa ndiyo desturi. Miaka miwili Shali alisoma Suratul Kahf msikitini kwa moyo, na wazee wakamsifu Famau.

Siku ya kutawazwa mrithi, Famau alipanda barazani na joho lake.

"Tusomee Al-Kahf, mwanetu, kama ulivyotuzoeza," wazee wakaomba.

Famau akatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Nyuma ya umati, Shali akaanza kusoma.

"Sauti ndiyo ile!" khatibu akamaka. "Jumbe, ulikuwa ukituletea nani msikitini?"

Jumbe akatota jasho. Shali akamsogelea kwa adabu.

"Waambie tu, baba, kwamba ulimficha mrithi wako ndani ya joho la mwenziwe, mahasidi wasimwone."

"Ndivyo," Jumbe akasema.

Famau akavuliwa joho, na Shali akamkabidhi kombeo la kuwingia ndege.

Nawe uliyenisikiliza, leo ukipakua, anza na yule uliyezoea kumpakulia mwisho.