Sauti ya Pili

Wahenga walisema kuuliza si ujinga, maana anayeuliza huaibika kidogo na mara moja tu, ilhali asiyeuliza aibu humngoja mbele ya watu. Lakini wapo ambao ukiwaambia waulize, ni kama umewaambia wavue nguo sokoni. Mmoja wao alikuwa fundi makochi ambaye mtaa mzima ulimwita Najua. Ukimwambia mvua inakuja, anajua. Ukimnong'oneza kwamba suruali yake imechanika nyuma, atakujibu bila kugeuka, "Najua, nimeiacha hewa ipite."

Mpwa wake alipokaribia kuolewa, alimfuata karakanani.

"Mjomba, ile diski yako ya tamasha, naomba unitolee wimbo wa mwisho. Sauti tu, bila picha. Nataka kuingia nao ukumbini."

"Mbona redioni unapigwa kila siku?"

"Wa redioni una mbio, mjomba. Nitamfikia bwana harusi hajamaliza kufunga tai! Kwenye tamasha waliuanza polepole." Kisha akashusha sauti. "Mama mkwe ananitazama kwa jicho la pembe. Siku hiyo nataka kila kitu kinyooke."

"Hilo tu? Nenda kalale. Najua."

Jioni Najua akaazima kompyuta ya shemeji yake, akatia diski. Mashine ikamtaka achague: Sauti ya Kwanza au Sauti ya Pili? Akakuna kichwa mpaka mba zikamwanguka.

"Baba, muulize jirani, kompyuta ndiyo kazi yake," mkewe akasema. "Kuuliza si ujinga."

"Nimuulize yule niliyemwona akitambaa? Mbili ni kubwa kuliko moja. Spika mbili, sauti mbili. Hesabu ya darasa la kwanza hiyo!" Akabonyeza ya pili, akahamishia kwenye flashi.

"Hata kuusikiliza kwanza husikilizi?"

"Wewe ukibandika chai huyauliza maji kama ni maji?"

Siku ya harusi ukumbi ulifurika, hata sindano isingepata pa kuangukia. Bwana harusi alisimama mbele, wima. Mlango ukafunguliwa, na bibi harusi akatokea aking'aa kama mbalamwezi. Najua akampa DJ ishara kwa kidevu.

Spika zikakohoa. Sauti nzito ya mwanamume ikaanza kuongea, huku muziki ukisikika kwa mbali kama redio ya jirani.

"Mtazameni anavyoingia. Lile vazi lilimbana, tukalishika kwa pini mgongoni."

Bibi harusi akajishika mgongo upesi, kwa kuwa kwa bahati mbaya pini kweli ilikuwapo.

"Na yule pale mbele, aliyesimama kama nguzo? Hakuwa chaguo letu. Tulimtaka mwingine, akatukimbia dakika ya mwisho. Tukasema basi, huyu huyu."

Mama wa bwana harusi akainuka kama aliyekalia kaa la moto. "Nani huyo mwingine? Mwanangu ni kiraka?"

"Keti, dada, tumsikie amalize!" shangazi mmoja mpenda umbea akamsihi.

DJ alizima haraka, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Mama mkwe alikuwa na mkoba mkononi, anawaita ndugu zake waondoke. Machozi yalimlenga bibi harusi.

"Mzee," DJ akamgeukia Najua, "ulichukua sauti ya ngapi?"

"Ya pili. Si ndiyo kubwa?"

"Diski hizo hubeba sauti mbili. Ya pili ni mwimbaji anasimulia tamasha lake juu ya muziki! Anamsema mcheza shoo wake na mpiga gitaa. Wimbo uko kwenye ya kwanza."

Macho yote yakamwelekea Najua. Akapokea kipaza sauti, akamkabili mama mkwe.

"Mama, mwanao si kiraka. Kiraka ni mimi. Nilijifanya najua, kumbe sijui. Na sikuuliza."

"Rudia, baba, huku nyuma hatujasikia!" mkewe akapaza sauti.

Ukumbi ukaangua kicheko. Mama mkwe akajaribu kununa, mashavu yakamsaliti. Akauweka mkoba kitini, akamwendea bibi harusi, akamfuta machozi kwa ncha ya mtandio wake.

"Wimbo wenyewe ulikuwa upi, mwanangu?"

Bibi harusi akamnong'oneza.

"Huo? Mbona nimeuimba tangu usichana wangu!"

Akamshika mkono, akauanzisha polepole. Shangazi wakadakia, wajomba wakafuata, na bibi harusi akapiga hatua ya kwanza taratibu, kama alivyotaka. Walipofika ubeti wa pili, Najua alibaki mdomo wazi. Akamwinamia mgeni aliyekuwa kando yake.

"Samahani, ndugu, hapo wanasemaje?"

Akaambiwa, akaimba kwa sauti kuliko wote. Ama kweli, kuuliza si ujinga.