Kibubu cha Watu Watatu

Sogeeni karibu, na mwenye jibu la haraka alimeze kwanza.

Siwema alikuwa na vidole vya kusuka mikeka, ila presha ya macho ilikuwa inamfifisha macho mwaka hadi mwaka. Jirani yake Njile, kiziwi, alijua kuchagua ukindu na kuutia rangi kuliko yeyote pale kijijini. Shemeji yake Siwema, Kidundo, aliyekatwa mguu, alikuwa na mdomo wa kumuuzia mkeka hata mtu aliyekuja sokoni kununua chumvi.

Kwa hiyo kila mkeka ulikuwa wa watatu, na kila shilingi iliingia kwenye kibubu kimoja cha mbao. Siwema alihitaji upasuaji, Njile kifaa cha kusikia, Kidundo mguu wa bandia. Kikijaa kitamtosha mmoja tu, na hilo walilijua.

Kilijaa baada ya miaka minne. Hapo sasa ndipo adabu ilipowaponza.

"Aanze Njile," alisema Siwema. "Ana mtoto mchanga, na kilio chake hakisikii."

Njile, aliyeisoma midomo yake, akatikisa kichwa, akaonyesha kidonda kwenye kigutu cha Kidundo.

"Mimi? Nimtangulie shemeji yangu, mtu mzima?" alisema Kidundo. "Nenda wewe, shemeji."

Siwema akakataa. Kesho yake wakamwambia tena, akakataa tena, kwani kwao alikozaliwa mtu hapokei kabla ya kubembelezwa mara ya tatu. Moyoni alitamani sana kwenda. Akaingoja hiyo mara ya tatu msimu mzima, nao walikwisha kuamini kwamba hataki.

Mwishowe alijikwaa kwenye kizingiti cha nyumba yake mwenyewe, wakampeleka hospitali. Daktari alimmulika macho.

"Mama, ungekuja miezi sita nyuma ningeuokoa mwanga uliobaki. Sasa hakuna cha kupasua."

Siwema alilia, na aliyemkasirikia zaidi ni yeye mwenyewe.

Kibubu bado kimejaa. Wenzake wanaona aibu kukigusa, wamekiweka mapajani mwake aamue. Ampe Njile amsikie mwanawe? Ampe Kidundo atembee? Au kibaki chake, yeye aliyekilipia kwa macho? Anakipapasa, anangoja mmoja wao aseme, "Nipe mimi." Hakuna anayesema.

Haya, sasa kiko mapajani mwenu. Je, nyinyi mngekivunja kwa ajili ya nani?