Banda la Jua la Mize Faki

Palikuwa na sultani, jina lake Shamte, mtu asiyejua kungoja. Mti ukatwe asubuhi, jioni awe ameshaukalia kama kiti. Mafundi wakimwambia, "Maulana, mbao mbichi hupinda," huwajibu, "Katika nchi yangu hakipindi kitu mpaka nikipinde mimi." Basi akajenga jumba jipya kwa mbao mbichi. Milango ikang'aa, watu wakasifu, ikawa raha mustarehe. Kisha mbao zikakauka pale pale zilipopigiliwa. Loo! Zikapinda, zikabetuka, zikajikunja kama mzee mwenye baridi yabisi. Mlango huu haufungi, ule haufunguki, na ule wa tatu hautoki mahali pake ila kwa bega la askari.

Sasa, madirisha ya jumba la zamani yalitupwa jalalani. Na jirani wa jalala alikuwa Mize Faki, mjane, seremala kwa msumeno aliouacha mumewe, maskini wa kila kitu isipokuwa ulimi. Mize akaokota madirisha. Akaokota na mabati ya zizi lililoungua, akayapaka masizi ya vyungu mpaka yakawa meusi tititi. Akasimamisha banda: kuta za bati, paa la vioo vya madirisha yale lililoinama kulitazama jua, matundu chini ya kuingiza hewa, matundu juu ya kutoa jasho la miti. Humo akapanga mbao zake, baina ya ubao na ubao kijiti, zisilaliane. Jua likaingia, likakosa njia ya kutokea.

Wapita njia wakacheka.

"Mize, leo umepika nini?"

"Mninga."

"Umeiva?"

"Bado. Ukiiva nitakuita uje ulambe chungu."

Lakini milango ya Mize ikafunga. Ukiusukuma mlango wake kwa kidole, unakwenda. Ukiuita kwa kidole, unarudi. Mji mzima ukataka mlango wa Mize.

Siku moja Sultani aliingia chooni kabla ya baraza, mlango ukamkwamia. Wageni wakangoja, kahawa ikapoa, na mwisho Maulana akatolewa kwa shoka. Akatoka anafoka: "Nani katika mji huu ana mlango usiopinda?"

"Mize Faki, Maulana," akasema Waziri. "Hukaushia mbao zake chini ya madirisha yako ya zamani."

Hapo Sultani akasahau choo, akakumbuka madirisha.

Mize akaitwa. Alikwenda na msumeno wake begani, akijua kwamba bila banda lile hana kazi, na bila kazi hana chungu motoni. Baraza limejaa. Sultani yuko kitini.

"Mize, madirisha yale ya nani?"

"Ya jalala, Maulana."

"Na jalala la nani?"

"La inzi, Maulana. Hao tumeshaelewana."

"Ni madirisha yangu! Niliyatupa tu."

"Na ulipoyatupa uliyaitaje?"

"Taka!"

"Ndiyo hayo, Maulana. Nilipoyakuta yalikuwa taka. Nilipoyaokota, ndipo wayataka."

Waziri akashikwa na kicheko, akakigeuza kikohozi.

"Sikiliza, mwanamke," akasema Sultani. "Kilichopita katika dirisha langu ni changu. Jua limepita humo, ni langu. Mbao zimekauka kwa jua hilo, ni zangu."

"Maulana, jana paka alipita dirishani kwako na samaki mdomoni. Mwenye samaki analia sokoni hadi leo. Nimwambie aje kwako?"

"Paka si jua!"

"Kweli, Maulana. Jua haliibi."

"Kimya! Nimehukumu! Banda ni langu, mbao ni zangu. Na chochote kilicho nyuma ya dirisha langu au mlango wangu ni changu, asikiguse mtu!"

"Hukumu hiyo ungeianika kidogo, Maulana. Bado mbichi."

Sultani akainuka kwa ghadhabu, akaingia chumba cha ndani, kile kisicho na dirisha hata moja maana vioo vipya viliishia sebuleni. Akaubamiza mlango. Paa!

Komeo likacheza. Kisha bega. Kisha teke.

"Waziri! Mlango!"

Waziri akakimbia, akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa Waziri," akasema Mize, "kilicho nyuma ya mlango wa Sultani, asikiguse mtu."

Waziri akaurudisha mkono kama aliyeshika kaa la moto. Askari mwenye shoka akalitazama shoka lake, akalificha mgongoni.

"Mize!" sauti ikatoka ndani. "Nifungulie!"

"Mimi, Maulana? Mtu duni kama mimi niivunje hukumu yako?"

"Nimeifuta!"

"Na banda ni la nani?"

"Lako!"

"Na mbao?"

"Zako! Madirisha yako! Jua lako! Fungua sasa hivi!"

Mize akaketi sakafuni, akanyoosha miguu, akalaza msumeno mapajani.

"Nitafungua, Maulana. Lakini maneno hayo bado mabichi. Tuyaache kwanza yakauke humo humo ndani, yasije yakapinda yakitoka nje."