Saa Mbaya ya Seth Jamnadas

Seth Jamnadas, tajiri wa Tanga, alikuwa akijenga ghorofa, na alikubaliana na mafundi kwamba chakula cha mchana kingetoka kwake. Mkewe alipika dengu na chapati kila siku na kuzileta mwenyewe. Lakini kila sufuria ilipoletwa, Seth alifungua kalenda yake ya Kihindu na kutikisa kichwa.

"Saa ya Rahu imeingia, ina kisirani," alisema. "Jambo likianzwa saa hii huharibika. Ngojeni ipite."

Kwa kalenda hiyo, saa mbaya huhama kufuata siku ya juma. Kwa Seth haikuhama. Iliangukia wakati wa kula kila siku, na ilipopita, mafundi walirudishwa kazini na njaa yao.

Alhamisi, Shekue mpiga lipu aliweka mwiko chini.

"Seth, na hili zege tunalomwaga tuliache? Nisingependa nyumba yako iharibike."

Seth alilitazama zege, akaona litakauka.

"Hapana, fundi. Kinachokatazwa ni kuanza. Kilichokwisha kuanzwa kinaendelea."

"Hata saa ya Rahu?"

"Hata saa ya Rahu. Endeleeni tu."

Shekue akatoa mfukoni kipande cha muhogo kilichong'atwa, na mafundi wenzake wote wakatoa vyao.

"Chakula cha mchana tulikianza asubuhi majumbani, Seth," alisema, akisogelea sufuria. "Hapa tunaendelea tu."

Seth akamgeukia mkewe amzuie asiwape. Mkewe alikuwa amekwisha kuanza kupakua, akaendelea.