Mjane Aliyekataa Kusema Hapana

Wapendwa, palikuwa na mama mmoja mjane, mtu mzima, watoto wake wote wanaishi mbali. Magoti yalimtesa. Jumapili moja, ulipofika wakati wa kutaja mahitaji ya maombi, akajikongoja akasimama. "Niombeeni, ndugu zangu," akasema. "Magoti yamenikataa, na nyumba imekuwa kubwa." Kanisa zima likaitikia amina. Amina nzito, mpaka mabati yakatetemeka! Kisha watu wakaenda kwao kula wali.

Kesho yake hodi ikapigwa. Mlangoni kasimama dada mmoja wa kwaya, ambaye miaka yote walikuwa wakipungiana mkono tu. Kashika ndizi mbivu na mkoba mkubwa mweusi. Mjane akamkaribisha kiti, akamshukuru kwa ndizi, lakini moyoni akasema: huyu ana lake jambo.

Dada akakaa. Akaosha vyombo, akachambua mchicha, akaomba asimuliwe habari za marehemu mzee. Akamkanda magoti kwa maji ya moto. Alipoondoka, mjane akafungua kabati kuhesabu glasi zake. Zote zipo! Hilo ndilo lililomtia wasiwasi zaidi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na huyu ameinama mno. Anataka nini mvunguni kwangu?

Wiki iliyofuata akaja tena, na mjane akamtazama mikono kuanzia karibu mpaka kwaheri. Safari ya tatu, mkoba ukafunguliwa. Yakatoka makopo ya unga wa majani, yenye vifuniko vya rangi ya dhahabu.

"Mama, unga huu unaponya magoti, unashusha presha, unaondoa sukari. Na ukiingiza watu wawili watatu chini yako, wewe unakaa tu nyumbani, faida inakufuata."

"Na waume waliokufa unawarudisha?" mjane akauliza.

Dada akacheka kidogo, kwa aibu. Mjane naye alifurahi kama mtu aliyemfumania kuku wa jirani kwenye bustani yake. "Nilijua mimi! Sasa niambie kweli, mwanangu. Kanisa lile lina watu tele, wengine wana magari. Kwa nini mimi?"

Yule dada hakuwa mwongo sana. Akainamisha kichwa. "Kwenye semina za biashara hii tunafundishwa, mama. Usihangaike na kila mtu, utamaliza viatu. Mtafute aliyetaja shida yake kwa kinywa chake, tena asiye na mtu wa karibu wa kumshauri. Ulivyosimama Jumapili ile, nikajua wewe ndiye."

Mmesikia hapo? Maneno ya mama yule tuliyasikia wote. Ni nani aliyeondoka nayo?

Mjane roho ikamuuma. Kumbe ametazamwa kama kuku wa sokoni, anayepapaswa kifua kabla ya bei. Machozi yakamlenga, hasira ikayazuia. "Chukua unga wako," akasema. "Sinywi, sinunui, na simwingizi mtu."

Dada hakubisha. Akakusanya makopo yake, akamalizia kusuuza kikombe alichonywea chai, akakirudisha mahali pake. Akaaga. Alipofika mlangoni, mjane akamwita.

"Wiki ijayo unakuja?"

"Mama, nikuambie ukweli. Tumeambiwa mtu akikataa, usirudi. Nenda kwa mwingine."

Mjane akakitazama kile kiti cha mgeni, akaitazama sebule yake yote. Mnadhani alisema nini? Nenda salama? Mwanamke mwerevu vile, aliyeunusa mtego tangu siku ya ndizi?

"Basi sijakataa," akasema haraka. "Nimesema nitafikiria. Nami nikianza kufikiria, nachukua muda. Niachie kopo moja, uje kuniuliza."

Wapendwa, nawaona mmemkunjia uso yule dada. Simtetei. Anayefanya machozi ya mwenzake kuwa soko atajibu mbele za Mungu, na unga wenyewe msije mkanunua mkasema mchungaji katangaza. Lakini tusimtazame yeye peke yake, maana hiyo ni njia rahisi sana ya kutoka humu ndani tukiwa safi.

Mjane alimshuku mgeni wake, na alikuwa na haki. Mimi naishuku amina yetu. Watu wote wale walisikia shida ya mama, na mmoja tu ndiye aliyeuliza nyumba yake iko wapi, naye alikuwa na bidhaa ya kuuza. Tena mama hakudanganywa, msijifariji kwa hilo. Alijua kila kitu. Alinunua mtu wa kukaa naye, kwa sababu sisi tulioagizwa kukaa naye bure hatukufika. Hivi inakuwaje muuza unga ajue kuwatafuta walioumizwa kuliko kanisa la Kristo?

Nina aibu kulisema hili, lakini nalisema. Kila mmoja wetu anaijua nyumba moja ambayo tumeiombea sana na hatujawahi kuingia. Leo msipange foleni kunipa mkono pale nje. Nendeni huko. Na mkifika, kaeni. Msiwe na haraka ya kufunga kwa sala.