Pimbi na Kisima cha Shukrani

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba, wakipiga hodi na kusutana kama sisi, jua liliwaka mpaka mto ukabaki mchanga mtupu. Sogeeni karibu, watoto. Na wewe unayetafuna hapo nyuma, tafuna polepole, nami nisikie ninachosema.

Basi Bibi Tembo, ajuza wa macho hafifu lakini mwenye nguvu zake, aliingia katikati ya ule mchanga akaanza kuchimba. Mguu huu, mkonga huu, chaka! chaka! chaka! Mpaka maji yakachomoza, baridi na matamu. Wanyama wakaja mbio, wakanywa, wakajifuta midomo, wakaenda zao. Hakuna aliyegeuka nyuma.

Bibi Tembo aliumia moyo. Akaweka mila.

"Kila atakayekunywa atatoa neno moja la shukrani," alisema. "Na neno lililokwisha kusemwa leo, lisirudiwe leo. Kesho maneno yote yataanza upya. Nataka mtu afikiri kabla ya kunishukuru."

Mila nzuri, sivyo? Lakini mpe Fisi mila nzuri uone atakavyoigeuza! Alijipa kazi ya kulinda njia ya kisimani, na hakuna aliyemtuma. Kila alfajiri aliwapitisha Nyati na ukoo wake, Kifaru na ukoo wake, kisha wajomba na mabinamu zake mwenyewe, kila mmoja na neno lake. Wadogo walipofika, maneno yalikuwa yamekwisha. Bibi Tembo, kule chini, hakuwaona. Alidhani wamehamia mbali.

Asubuhi moja akaja pimbi jike, jina lake Mashavu. Mkononi alishika kibuyu kitupu. Mgongoni alimbeba kitindamimba wake, Tunu, midomo imempasuka kwa kiu. Mtoto alikuwa ameacha kulia tangu jana, na hilo ndilo lililomtisha mama yake.

"Hodi, Bwana Fisi."

"Neno?"

"Asante."

"Kalisema Nyati."

"Nashukuru."

"Kalisema Kifaru."

"Shukrani!"

"Hilo nimelisema mimi mwenyewe."

"Mungu akuzidishie."

"Shemeji yake Nyati."

"Umenifaa! Ubarikiwe! Wema wako hauozi!"

"Binamu yangu, mjomba wangu, na yule mjomba mwingine mwenye chongo. Khe khe kheee! Rudi nyumbani, Pimbi. Ukipata neno jipya, njoo."

Mashavu akageuka. Njiani Tunu akamnong'oneza shingoni, "Mama, maneno ya asante yameisha?"

"Hayajaisha, mwanangu. Yamekaliwa na wenye makalio makubwa."

Akaketi juu ya jiwe, akawaza. Nguvu hana. Pembe hana. Hata mkia hana, masikini! Lakini akili alikuwa nazo za kumtosha yeye na za kumwazima jirani. Akasimama, pu! akajipangusa vumbi, akaenda kwa Nyati.

"Shikamoo, Bwana Nyati. Nimekuja kukusikitikia."

"Marahaba. Unanisikitikia nini?"

"Mtu mzito kama wewe, mwenye pembe hizo, kusema 'asante'! Asante si neno letu sisi tunaookota punje? Watu wanacheka, bwana."

"Wanacheka?" Nyati akapuliza pua, fuuu! "Basi nisemeje?"

"Lipo neno la wakubwa. Tega sikio." Akamnong'oneza: "Ewe mwenye fadhila zisizo kifani, nimezama katika ukarimu wako hadi utosini, na ulimi wangu umelemewa kukushukuru."

"Loo! Hilo ndilo neno!"

"Ni zito mno, linatosha ukoo mzima. Wapange wote nyuma yako pale ukingoni, ulitamke kwanza hapo juu wote walisikie, ndipo mteremke. Na usimwambie mtu."

"Nimwambie nani? Mimi si mpayukaji."

Mashavu akatoka hapo, akaenda moja kwa moja kwa Kifaru. Akamsikitikia. Akamnong'oneza neno lile lile. Na usimwambie mtu! Kisha akaenda kwa Fisi.

Fisi akamtazama kwa jicho la pembeni. "Na kwa nini unipe mimi neno zuri hivi?"

"Nimpe nani, bwana? Wewe ndiye mwenye njia. Leo nikikufaa, labda kesho utanikumbuka."

"Labda," akasema Fisi, mate yakimdondoka. Moyoni aliapa hatamkumbuka.

Jioni ile Mashavu alizunguka kwenye vichuguu na vichakani. Akampa Digidigi "asante". Akampa Kobe "nashukuru". Akampa Kanga "shukrani". Akampa Buku "umenifaa", na mwingine lingine, na mwingine lingine. Kila aliyepewa alilishika neno lake kama kaa la moto la kuazima kwa jirani, asilizimishe njiani.

Kulipopambazuka, Nyati alikuwa ukingoni, ukoo wake umepangwa nyuma kama harusini. Akakohoa.

"Ewe mwenye fadhila zisizo kifani..."

"We!" Kifaru akatokea upande wa pili na ukoo wake. "Hilo neno langu!"

"Lako tangu lini?"

"Wezi wakubwa!" Fisi akaacha njia aliyokuwa akiilinda, akaja mbio na wajomba zake wote. "Neno hilo ni la marehemu babu yangu! Alinirithisha kitandani!"

"Babu yako alijua kusema nini zaidi ya khe khe?"

Patashika! Pembe kwa pembe, kwa! kwa! Vumbi likapanda, matusi yakafuata, wazee wa pande zote wakaitwa kutoa ushahidi wa uongo. Kila mmoja alikataa katakata kurudi kwenye neno dogo la jana mbele ya wenzake.

Na njia? Njia ilikuwa nyeupe. Wadogo wakateremka kimya, mmoja nyuma ya mwingine.

"Nani huyo?" akauliza Bibi Tembo.

"Ni mimi, Digidigi. Asante, Bibi."

Mkonga wa Bibi Tembo ukatulia. Neno lilikuwa lile alilolisikia kila siku, lakini hili lilikuja likitetemeka. "Kunywa, mwanangu," akasema. Akaja Kobe. Akaja Kanga na makinda yake. Kila mmoja akatoa neno lake, akanywa, akalia kidogo, akanywa tena.

Wa mwisho alikuwa Mashavu. Alisimama na kibuyu chake, na Tunu mgongoni kichwa kimelegea.

"Na wewe, neno lako?"

Mashavu akafungua mdomo. Akaufunga. Jamani! Alikuwa amegawa, amegawa, amegawa, akajisahau mwenyewe. Akatafuta kichwani kila kona, kweupe. Hata lile la wakubwa lilikuwa likisikika huko juu, linagombaniwa.

"Bibi," akasema, na machozi yakamtoka, "maneno nilikuwa nayo. Niliwagawia hawa. Walikuwa wakirudishwa njiani kila siku. Mimi sikubakiza. Nakuomba, mpe mtoto tu. Mimi nitarudi kesho."

"Wakirudishwa? Na nani?"

Kobe, ambaye hana haraka lakini hana woga, akamweleza yote. Bibi Tembo akapiga magoti, kishindo, di! akaushusha mkonga wake mpaka usoni pa Mashavu.

"Asante, mjukuu wangu," akasema.

"Bibi!" Kanga akamaka. "Neno hilo limekwisha kusemwa leo!"

"Najua. Basi mila imevunjika, na aliyeivunja ni mimi niliyeiweka. Nilitaka watu wafikiri kabla ya kushukuru, kumbe nimewawekea walafi ukuta wa kuwazuia wadogo. Huyu kanibomolea. Mnyweshe mtoto!"

Maji yakaingia kinywani mwa Tunu, gu, gu, gu. Akafumbua macho. Akanywa tena. Kisha, kwa sauti nyembamba, akasema, "Asante, Bibi." Na wote wakacheka na kulia, wakarudia kwa pamoja, asante, asante, mpaka kisima chote kikaitikia.

Wakubwa waliteremka jua likiwa utosini, wamechoka, ndimi nje. Nyati alijaribu: "Ewe mwenye... ewe fadhila... utosini..." Neno lilikuwa limemwagika lote huko vitani.

"Una kiu, Nyati?" akauliza Bibi Tembo.

"Nina kiu, Bibi."

"Basi sema unachokijua."

Nyati akainamisha pembe. "Asante," akasema taratibu, na siku hiyo alimaanisha. Kifaru akasema hivyo hivyo. Fisi naye alisema, lakini kwanza alitazama huku na huku akimtafuta Mashavu. Wapi! Mashavu alikwisha kuingia na mwanawe kwenye ufa wa jiwe, kibuyu kimejaa, na mpaka leo pimbi hukaa huko huko kwenye nyufa za miamba.

Mimi nimeteka hapo nilipofika, nanyi mlionisikiliza mpaka mwisho, asanteni. Shukrani haipimwi kwa urefu wa neno, hupimwa kwa moyo unaoitoa.